Wasomaji Wanauliza: Je, Solo Alikuwa Rafiki wa Kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tuliitazama filamu ya Goodbye Solo, inayomhusu dereva teksi Msenegali anayeishi Marekani, na tangu siku hiyo hatuelewani. Kaka anashikilia kwamba Solo si rafiki hata kidogo, kwa sababu alijua kabisa mzee William anakwenda kujiua na bado akamfikisha alikotaka. Mimi naona alifanya yote yaliyokuwa katika uwezo wake. Tunaomba utuamulie.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa faida ya wasioiona, nieleze kisa kwa ufupi, na asiyependa kuambiwa mwisho wa filamu ni heri aishie hapa. Filamu hii iliongozwa na Ramin Bahrani na ikaonyeshwa mara ya kwanza katika Tamasha la Filamu la Venice mwaka 2008, ambako ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI. Inaanzia ndani ya teksi usiku, mazungumzo yakiwa yameshapamba moto. Mzee wa Kizungu aitwaye William anamwahidi Solo dola 1,000 iwapo tarehe 20 Oktoba atampeleka Blowing Rock, mwamba ulioko milimani, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mji wa Winston-Salem katika jimbo la North Carolina. Nauli ni ya kwenda tu. Solo anacheka na kutania kama alivyozoea kuwatania abiria wote, halafu taratibu anaanza kung'amua kwamba mwenzake hatanii.

Katika ugomvi wenu ninaegemea upande wako, ila si kwa hoja uliyoitoa. Solo hakufanya yote, na mengi aliyoyafanya hayakuwa ya busara. Anajifanya dereva wa kudumu wa mzee bila kuombwa, anamchukua hadi nyumbani kwake, na anapokosana na mkewe anahamia katika chumba ambacho William amepanga kwenye hoteli ya kando ya barabara. Anapekua hata vitu vya mwenyewe. Solo ni mtu mwenye ulimi mtamu, aliyezoea kwamba mlango wowote hufunguka ukiugonga kwa uchangamfu wa kutosha, na kwa muda mrefu anaamini kuwa huzuni ya William nayo ni mlango wa namna hiyo. Mzee amekwisha kuuza alipokuwa akiishi na kuifunga akaunti yake benki, ilhali kijana bado anatafuta mzaha utakaomgeuza.

Ukitaka kuona mahali ambapo filamu inasimama hasa, iangalie tena sehemu ya jumba la sinema. William huenda huko mara kwa mara, naye Solo humngoja nje. Mzee anakata tiketi kwa kijana aliyekaa dirishani, wanasemezana maneno mawili matatu ya kawaida kuhusu filamu, basi, anaingia ndani. Kamera haisogei kutuonyesha jambo, wala muziki hauji kutuamuru tulie. Baadaye sana ndipo tunapojua kwamba kijana yule ni mjukuu wake, ambaye hajui kabisa anazungumza na nani. William anampenda mtu bila kuthubutu kumwambia neno, na Solo hawezi kumpenda mtu bila kusema maneno elfu moja. Urafiki wao unakaa katika pengo hilo, na sidhani kama kuna mmoja kati yao aliyewahi kulivuka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kaka yako. Anadai kwamba rafiki hupimwa kwa kufanikiwa kuzuia, nami naona filamu inauliza swali jingine: mtu aliyeshindwa kuzuia anabaki au anaondoka? Solo anabaki. Katika safari ya mwisho anampakia na binti yake wa kambo, Alex, na walipofika juu, penye ukungu, mtu huyu asiyeishiwa maneno tangu dakika ya kwanza hana la kusema. Wanatazamana tu. Mwamba wenyewe unajulikana kwa upepo unaovuma kutoka bondeni kwenda juu, hata husemwa kwamba theluji pale huanguka kinyumenyume, na hekaya ya wenyeji inasimulia juu ya kijana wa Kihindi Mwekundu aliyejitupa kutoka mwambani na upepo ukamrudisha kwa mpenzi wake. Bahrani, ambaye amezaliwa Winston-Salem, bila shaka anaijua hekaya hiyo, na anatuachia tuamue wenyewe kama upepo unamrudisha kila mtu.

Hata hivyo kaka yako asinyimwe haki yake. Nje ya filamu, anayesikia mtu akisema kama William asikae na siri hiyo peke yake kama Solo. Aite ndugu, daktari, jirani, yeyote aliye karibu. Kumwelewa Solo hakumaanishi kumwiga.

SWALI: Mbona filamu hii inaonekana kama haikugharimiwa? Hakuna nyota hata mmoja, na nusu yake watu wamekaa ndani ya gari.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni kweli ilitengenezwa kwa fedha kidogo, kama zilivyokuwa mbili zilizoitangulia za mwongozaji huyo huyo, Man Push Cart na Chop Shop. Lakini tazama alivyochagua watu. William ameigizwa na Red West, aliyekuwa rafiki na mlinzi wa Elvis Presley, kisha akatumia miaka mingi akiigiza nafasi ndogondogo; uso wake una makunyanzi ambayo hakuna mpambaji angeweza kuyabuni. Solo ni Souleymane Sy Savane, mzaliwa wa Ivory Coast, ambaye kabla ya kuigiza aliwahi kuwa mhudumu wa ndege, kazi ileile ambayo Solo anaisomea usiku huku Alex akimhoji maswali ya mtihani. Nyota maarufu angeleta umaarufu wake garini, na sisi tungemtazama yeye badala ya dereva. Kuhusu gari, sioni tatizo: kiti cha mbele na cha nyuma ndiyo mipaka yote ya uhusiano wa watu hawa, na siku William anapokubali kukaa jirani na Solo utaiona hatua hiyo bila kuambiwa.

SWALI: Klabu yetu ya filamu shuleni inataka kuionyesha kwa wanafunzi wa kidato cha pili. Unatushauri nini?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Ahirisheni, Mwalimu. Lugha ya William ni kali, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba suala la kujiua halifumbuliwi wala halijibiwi mwishoni, na kijana wa umri huo anaweza kuondoka nalo kichwani bila mtu wa kuzungumza naye. Kwa wanafunzi wa kidato cha sita inafaa, mradi muda wa mazungumzo upangwe baada tu ya kuitazama, siku hiyohiyo, na mwalimu wa ushauri nasaha awepo. Hao wa kidato cha pili waonyesheni Chop Shop, inayomhusu mvulana anayefanya kazi katika gereji za Queens, New York, pamoja na dada yake. Nayo itazameni ninyi walimu kwanza, maana ina sehemu moja au mbili za kuamuliwa na wakubwa.