Kununua au Kuunda Kompyuta ya Michezo?

SWALI: Nimeweka akiba ya shilingi 50,000 ili nipate kompyuta ya mezani ya kuchezea michezo. Je, ninunue iliyo tayari au niunde mwenyewe?
Mwanafunzi, Likoni, Mombasa

JIBU: Kwa kiasi hicho, mwanangu, ningekushauri ununue kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, kisha uiongezee kadi ya michoro, kwa sababu ukinunua kipande kimoja kimoja, kasha, ubaomama (ubao mkuu unaounganisha vipande vyote) na prosesa vitakumalizia fedha kabla hujaifikia kadi, nayo ndiyo inayobeba mchezo. Chagua yenye kasha kubwa. Zile nyembamba hazipokei kadi ya kimo cha kawaida.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue ubavu wa kasha mbele yako, usome kibandiko cha kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme. Vingi vya ofisi ni vya wati chache, na mara nyingi havina waya wa ziada wa kulisha kadi. Hapo iliyo salama ni kadi kama GeForce GTX 1650, toleo lisilo na tundu la waya, ambayo hutosheka na wati 75 za ubaomama. Tazama pia kutu kwenye skrubu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Kwa upande wa kumbukumbu ya kompyuta (RAM), vijiti viwili vya GB 8 hushinda kimoja cha GB 16, kwa kuwa prosesa huvisoma sambamba.

Hamu ya kuunda usiiache: kadi hiyo utaihamishia kwenye kasha lako siku utakapojaliwa.