Kwa nini wajawazito huchelewa kwenda kujifungulia hospitalini

Ndugu, umeuliza kwa nini mama aliyeshikwa na uchungu hubaki nyumbani ilhali hospitali anaijua. Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: katika kuamua, katika kusafiri, na katika kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa maoni yangu wa kwanza ndio mzito zaidi, kwa kuwa mara nyingi mama hana kauli ya mwisho. Chupa ya uzazi imeshapasuka, nguo imelowa, naye bado anasubiri mume apokee simu au mama mkwe aridhie. Aliyefokewa na mkunga katika uzazi uliopita husita pia, na simlaumu hata kidogo. Hata hivyo, damu ikimwagika kwa wingi baada ya kujifungua, saa chache tu zinatosha kumpoteza.