Muulize Fundi: Watu wa Ng'ambo wamegeuka nini?

SWALI: Assalam alaykum fundi. Mie nna steshenari ndogo hapa Wete, nachapa kadi na orodha za waalikwa. Juzi kaja bi mkubwa mmoja anaoza, orodha kanirushia kwa simu, naifungua kwenye Excel, salaale! Jamaa zake wote wa Ng'ambo kule Unguja wamekuwa watu wa Ngâ€™ambo, na Bismillahi aloiandika juu kwa Kiarabu inaanza Ø¨Ø³Ù… na madubwana mengine. Ati mashine yangu ina virusi. Kweli?

JIBU: Waalaykum salaam dada. Hamna virusi wala shetani, kombe usilinywe bado.

Kompyuta haijui herufi hata moja, yenyewe inaweka namba tu, tena za sifuri na moja. Ukibonyeza A kubwa inaandika 65, yaani 01000001, a ndogo ni 97, n ni 110, g ni 103. Hizo namba walipanga Wamarekani kwenye jedwali lao la ASCII lilotoka 1963, lina nafasi 128 basi (na mwanzo hata herufi ndogo hazikuwemo!). Kiswahili chetu cha herufi za Kizungu kinaenea humo chote, hatuna herufi yenye kofia wala mkia, ndo maana miaka yote hukuona tabu. Kiarabu ndo hakimo kabisa, basi kila nchi na kila kampuni ikajitengenezea jedwali lake, namba ile ile huku Ø huku kitu chengine, vurugu tupu, mpaka 1991 ikatoka Unicode ikasema kila herufi duniani iwe na namba yake moja. ب kapewa 1576.

Sasa 1576 haienei kwenye baiti moja, yaani fungu la sifuri na moja nane, maana baiti inaishia 255. Ndo ikaja UTF-8, namna ya kuziandika hizo namba za Unicode kwa baiti, herufi za ASCII zinabaki baiti moja, za Kiarabu mbili, nyengine tatu mpaka nne. Mtaalamu wa kompyuta Ken Thompson aliichora 1992 kwenye karatasi ya kuwekea sahani, mkahawani New Jersey, mwenzake Rob Pike anatazama. Mie hapo hunichekesha, sie mkahawani tunamaliza urojo tunaondoka.

Tuje kwa Ng'ambo yako. Ile alama baada ya ng, ukiipiga iliyonyooka ni namba 39, baiti moja, haina ubishi popote. Lakini simu na Word zina ujuaji, zinaipinda yenyewe ipendeze, na hiyo iliyopinda ni mtu mwengine kabisa, namba 8217, na kwa UTF-8 inakaa baiti tatu: 226, 128, 153. Excel yako imelifungua faili kwa jedwali la zamani la Windows, ambalo kila baiti ni herufi moja, ikasoma 226 ni â, 128 ni €, 153 ni ™. Hesabu, vidude vitatu sawasawa! Na ب ni baiti 216 na 168, ndo hiyo Ø¨ yako. Faili lenyewe halina ubovu, Excel ndo imekosea kulisoma.

Kwa hiyo usikae kufuta kimoja kimoja, na hilo lililoharibika usilisevu juu ya lile la bi mkubwa. Fungua Excel tupu, nenda Data, chagua From Text/CSV, pale panapouliza asili ya faili weka 65001 Unicode (UTF-8). Watu wa Ng'ambo watarudi kwao.

SWALI: Fundi, meseji yangu ya msiba ilikuwa fupi, nikatia innalillahi kwa Kiarabu, nikakatwa pesa ya meseji mbili. Nimeibiwa? Msomaji, Mkoani.

JIBU: Pole kwa msiba ndugu yangu. Hujaibiwa, pishi ni ile ile ila umetia nazi badala ya karafuu. Meseji moja ina baiti 140. Herufi za kawaida zinabanwa, kila moja chini ya baiti nzima, zinaenea humo 160, lakini ikiingia herufi moja tu ya Kiarabu, au emoji, meseji nzima inahamia mtindo wa baiti mbili mbili, zinaenea 70 tu. Na ile alama iliyopinda ya ng' nayo inafanya hivo hivo, mtu katia "ng’ombe" mmoja tu, meseji yake ikipita herufi 70 keshakatwa ya mbili.