Talaka nimepata, jina lake limebaki kwenye fomu zangu

Mbukwenyi wapendwa. Leo naongelea kitu ambacho mashosti zangu wengi hapa Dodoma wakiachana na waume zao hawakikumbuki kabisa, wanagombania friji, makochi na watoto, basi.

Mimi tulipita baraza la usuluhishi la kata tukashindwana, tukaenda mahakama ya mwanzo, hukumu ikatoka, nikajua yameisha. Miezi saba baadaye naenda saccos ya kazini kuomba mkopo nimalizie nyumba Nkuhungu, dada wa pale kafungua faili ananiuliza, "Mama, mrithi wako bado ni huyu?" Kuangalia, jina la baba watoto, mwandiko wangu mwenyewe, wino wa bluu, na pale kwenye uhusiano nimeandika MUME kwa herufi kubwa na mstari chini nimepiga, sijui nilikuwa namringia nani. Yaani siku hiyo ningegongwa na bodaboda narudi nyumbani, wa kwanza kupigiwa simu kuhusu akiba yangu ni yeye.

Mahakama haizunguki kukufutia majina jamani. Nikaanza msako, bima ya maisha yumo, kikoba yumo, taarifa za wategemezi kwenye mfuko wa pensheni yumo. Wiki mbili nazunguka na nakala ya hukumu kwenye bahasha ya kaki. Tengeneza nakala kama kumi hivi, kila dirisha wanataka yao.

Na kama kesi bado inaendelea usijidanganye eti mmeshaachana kwa sababu mnalala nyumba tofauti. Mpaka hukumu itoke nyie ni mke na mume, mmoja akifa leo mwenzie anaingia msibani kama mjane au mgane na mirathi anadai. Kwa Waislamu napo talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mke, ikiwa eda haijaisha bado mnarithiana, muulizeni shehe wenu.

Sasa nyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzako, hata kama hati ina jina la anayeuza peke yake. Ukihisi mumeo anatafuta mteja kimyakimya wahi ofisi ya ardhi uweke zuio. Na usikubali kuambiwa hukuchangia kwa vile ulikuwa mama wa nyumbani, hilo Mahakama ya Rufani ilishalimaliza mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, kupika na kulea nako ni mchango.

Ila hapa kwetu kuna shida ya makaratasi. Serikali ilipohamia huku kila mtu alikimbilia viwanja, Iyumbu, Nala, Mtumba, wengine bado wana karatasi za CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja hapa Dodoma, ambayo ilivunjwa 2017, zina jina la mume tu. Kama mahakama imekupa kiwanja kabadilishe jina sasa hivi, hukumu ikikaa kabatini hati haibadiliki, akifa yeye utaanza kubishana na mashemeji.

Halafu wosia, ule wa zamani andika upya. Wa maandishi kama unajua kusoma mashahidi wawili, kama hujui wanne, na shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu. RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi na vifo, wanatunza wosia. Mimi wa mwisho wangu ana miaka tisa, nimemtaja dada yangu asimamie mali yake mpaka afike 18, maana nisipomtaja mtu, najua baba yake ndo atajitokeza wa kwanza, na pesa na yule baba, mmh.

Kilichonishinda ni nusu eka ya zabibu Hombolo. Tulinunua wote kwa mjomba wake, mkataba ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, jina langu liko kama shahidi. Shahidi! Msimu huu kavuna yeye, mimi nimetumiwa ndoo moja.