Usihesabu atomu kabla ya kukagua valensi

Futa hiyo CaOH kabla hujagusa mlinganyo mwingine wowote. Umeuliza kama mlinganyo wako wa chokaa (CaO) na maji, 4CaO + 2H₂O → 4CaOH + O₂, umesawazika.

Umesawazika, ndiyo, na hapo ndipo ulipo mtego. Kalsiamu ni nne kwa nne, oksijeni sita kwa sita, haidrojeni nne kwa nne. Kila kitu kimetimia isipokuwa ukweli. Kalsiamu ina valensi 2, yaani nafasi mbili za kuungana, na kundi la haidroksidi (OH) lina valensi 1, kwa hiyo kalsiamu moja hushika haidroksidi mbili, nazo hufungwa kwa mabano: Ca(OH)₂. Ukishaandika hivyo, CaO + H₂O → Ca(OH)₂ huwa umesawazika wenyewe, bila kuongeza namba yoyote mbele.

Mimi niliuamini mlinganyo kama wako hadi kwenye mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, kwa sababu mwalimu mmoja wa tuisheni hapa Dodoma, hodari sana wa kukusanya ada kabla hata hajafuta ubao, alitukaririsha kwamba atomu zikilingana pande zote mbili basi jibu ni sahihi. Swali lilitaka uzito wa chokaa iliyozimwa, yaani Ca(OH)₂, inayopatikana kutokana na gramu 56 za CaO. Jibu ni gramu 74, kwa kuwa gramu hizo 56 huchukua gramu 18 za maji. Mlinganyo wangu ulinipa 57, na vipengele vyote vilivyofuata, ambavyo vilitegemea jibu hilo, vikaanguka kimoja baada ya kingine. Naomba ijulikane kwamba katika kuzidisha na kugawanya sikukosea popote. Yule bwana hadi leo anafundisha, na sishangai kuona CaOH bado inazunguka mjini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo lenyewe tulikuwa tukiliona nyumbani. Chokaa ya kupaka ukuta ikizimwa ndani ya pipa, mabonge hupasuka, maji huchemka na mvuke mzito hupanda, maana kila moli ya CaO (zile gramu 56) hutoa joto la takribani kilojuli 64 (usiinamie pipa hilo, chokaa huunguza macho). Mvuke huo ni wa maji tu. Kama oksijeni ingekuwa inatoka kama mlinganyo wako unavyodai, njiti yenye kaa ingewaka upya juu ya pipa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, valensi kwanza, halafu mabano, na namba za mbele ziwe za mwisho. Zile ndogo za chini usiziguse tena. Jaribu utaratibu huo kwa kalsiamu yenyewe na maji: ukianza na Ca(OH)₂ na H₂ upande wa kulia, utaona kwamba kinachohitajika ni 2 tu mbele ya H₂O. Ukianza na CaOH, utasawazisha tena bila shida yoyote, na utakuwa umekosa tena.