Filamu na tamthilia zenye jina la kipepeo: angalia kilichowekwa mbele yake

Mkuu, umeuliza kwa nini kazi nyingi za jukwaani na za skrini zinabeba jina la kipepeo, na kama kuna yoyote ambamo kipepeo si pambo la bango tu. Zipo. Mimi huwa naangalia mtunzi amemwekea nini mbele yake. Akimwekea maua peke yake, hadithi mara nyingi ni nyepesi. Akimwekea kitu cha kumkamata, kaa utazame.

Chukua Madama Butterfly, opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya Mwitaliano Puccini. Ilioneshwa mara ya kwanza katika jumba la opera la La Scala, Milan, tarehe 17 Februari 1904, ikazomewa vibaya. Akaifumua, akaipeleka Brescia Mei mwaka huohuo, ikashangiliwa. Binti wa Nagasaki anaolewa na luteni wa jeshi la majini la Marekani ambaye anajua fika kuwa hakai. Usiku wa harusi binti anamwambia amesikia kwamba huko ng'ambo kipepeo akiangukia mikononi mwa mwanamume, huchomwa sindano na kubandikwa ubaoni. Bwana hakatai! Anajibu kuwa kuna ukweli kidogo, ni ili asitoroke. Msiba wote umeshasemwa hapo, na sehemu kubwa ya opera bado iko mbele.

Iliyonigusa zaidi ni filamu ya Kifaransa Le Scaphandre et le Papillon (Vazi la Mzamiaji na Kipepeo) ya 2007, iliyompa Julian Schnabel tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes. Ni kisa cha kweli cha Jean-Dominique Bauby, mhariri mkuu wa jarida la Elle, Ufaransa. Desemba 1995, akiwa na miaka 43, alipigwa na kiharusi. Alipozinduka akili ilikuwa timamu, mwili umepooza, na njia pekee ya kuongea ni kupepesa jicho la kushoto. Msaidizi anamtajia herufi, zikitangulia zinazotumika sana kwenye Kifaransa. Ikifika anayoitaka, anapepesa. Kitabu chake kizima, ambacho ndicho kilichozaa filamu hii, kiliandikwa hivyo. Kilitoka Machi 1997, naye akafariki siku chache baadaye. Vazi zito la mzamiaji ndilo mwili wake, kipepeo ni fikra zake.

Mwanzoni kamera ndiyo jicho lake. Picha ina ukungu, madaktari wanakuinamia. Jicho la kulia linashonwa, na wewe mtazamaji uko kwa ndani, unaona uzi ukipita mpaka giza linaziba.

Niliitazama wakati baba yangu yuko kitandani kwa kiharusi, hawezi kusema, wageni wakimjadili kana kwamba hayupo. Tukajaribu mbinu ileile. Mpangilio wa Kifaransa hautufai, nikaanza na A, kisha I, maana maneno yetu yamejaa hizo. Neno lake la kwanza lilichukua muda: Z, I, M, A. Alitaka redio izimwe, ilikuwa inalia karibu na sikio lake tangu asubuhi. Kuanzia siku hiyo, kila aliyeingia chumbani alimsalimia yeye kwanza. Mwenye mgonjwa wa hivyo, ukishabashiri neno muulize kama ndilo, usimkokote herufi zote, macho yanachoka haraka.

The Butterfly Effect ya 2004 siiweki kundi hili. Jina linatokana na swali la mwanasayansi wa hali ya hewa Edward Lorenz, 1972, kama bawa la kipepeo Brazili linaweza kuzua kimbunga Texas. Swali zuri sana, ila ndani ya filamu kipepeo hana kazi.

Kwa upande wa televisheni, tafuta In the Time of the Butterflies ya 2001, Salma Hayek akiwa Minerva Mirabal. Dada watatu wa Jamhuri ya Dominika, waliojulikana kama Vipepeo, waliuawa na watu wa dikteta Trujillo tarehe 25 Novemba 1960. Zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia tunazoadhimisha huku kila mwaka zinaanza tarehe hiyo kwa sababu yao. Ukiwa na jioni moja tu lakini, anza na ya Schnabel, yenye tafsiri chini ya picha.