Chakula cha jioni na wakwe katika mgahawa wa Kituruki

SWALI: Mhariri, naomba ushauri. Binti yangu ameposwa na kijana wa Kyela, na wazazi wa kijana, ambao siku hizi wanaishi Dar es Salaam, wametualika mimi na mume wangu kwa chakula cha jioni katika mgahawa wa Kituruki wa hadhi ya juu. Nimeambiwa kwamba huko sahani huwekwa katikati ya meza na kila mtu huchukua humo humo. Sisi ni Wanyakyusa, na kwa mila zetu mkwe wa kike na baba mkwe hukwepana hata njiani. Itakuwaje binti yangu achovye mkate katika sahani moja na baba wa mchumba wake? Pia sijui tuagize nini bila kuwatia wenyeji wetu gharama kubwa. Kilevi hatutumii. – Mama wa Tukuyu, Mbeya.

JIBU: Shikamoo, mama, na hongera kwa posa ya binti.

Nianze na hilo la sahani moja, kwa kuwa ndilo zito. Ni kweli kwamba mlo wa Kituruki hufunguliwa kwa meze, yaani vyakula vidogo vidogo vinavyopangwa katikati ya meza, lakini katika mgahawa wa hadhi hiyo kila mtu huwekewa sahani yake, na kila bakuli huletwa na kijiko cha kupakulia, ambacho mtu hukitumia kujiwekea kiasi anachotaka kabla ya kuchovya mkate katika sahani yake mwenyewe. Iwapo bakuli limekuja bila kijiko, mhudumu aombwe alete. Kuhusu kukaa, mtumieni mshenga: azungumze na kijana mapema ili waombe meza ndefu, baba mkwe akae upande mmoja na mume wako, binti akae upande wa pili pamoja nawe, na meze ziletwe mara mbili, seti moja kila upande. Ombi hilo ni la kawaida kwa meza yenye watu wengi, na hakuna atakayelazimika kunyoosha mkono mbele ya asiyepaswa kumkaribia. Mila hii ni heshima, mama, na haifai kuachwa mlangoni kwa sababu tu ukumbi una vitambaa vyeupe.

Kuagiza ni kazi ya aliyealika. Mkiulizwa mnapenda nini, tajeni meze chache: humus, ambayo ni dengu zilizochemshwa na kupondwa pamoja na ufuta uliosagwa, ndimu na kitunguu saumu, biringanya lililochomwa motoni mpaka ganda likaungua, kisha likapondwa, mtindi mzito uliochanganywa na mnanaa, na majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali. Nyingi kati ya hizo, pamoja na mboga zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, huliwa zikiwa zimepoa. Nalisema hili kwa sababu kwetu nyanda za juu, kwenye baridi, chakula cha moto ndicho dalili ya kumjali mgeni, na ningesikitika mkidhani kwamba jikoni wamezembea. Mkate, kinyume chake, huja wa moto na umeumuka vizuri. Msiushibe, kwa kuwa nyama bado.

Kwenye nyama, msitarajie kababu za kukaangwa kama zile za Pwani. Adana, iliyopewa jina la mji wa kusini mwa Uturuki, ni nyama ya kondoo iliyokatwakatwa pamoja na mafuta ya mkia na pilipili, ikabandikwa kwenye chuma bapa na kuchomwa kwa mkaa. Ya Urfa hufanana nayo, ila haina ukali mwingi. Iskender, ambayo asili yake ni Bursa, ni nyama iliyokatwa vipande vyembamba na kulazwa juu ya mkate, ikamwagiwa rojo la nyanya na siagi iliyoyeyushwa, na mtindi pembeni. Kwa maoni yangu sinia moja kubwa la nyama mchanganyiko litawatosha, na huwa nafuu kuliko kila mtu kuagiza yake. Kwa kuwa vyakula vya Kituruki, kama vya Mediterania kwa jumla, humaanisha pia samaki, pweza na kamba, kumbukeni kwamba samaki mzima mara nyingi hutozwa kwa uzito, hivyo bei yake iulizwe kabla hajawekwa motoni. Iulizwe pia kama kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, imo kwenye bei za menyu au itaongezwa kwenye bili. Bili yenyewe msiigombanie mezani. Kama mna zawadi ya mchele, chai na maparachichi, ipelekeni nyumbani kwao siku nyingine.

Kwa kinywaji, agizeni ayran, mtindi uliolainishwa kwa maji na kutiwa chumvi. Lakini angalieni: kuna pombe iitwayo raki ambayo hubadilika ikawa nyeupe kama maziwa mara inapotiwa maji, hivyo mtu asinyanyue glasi nyeupe asiyoiagiza.

Mwishoni huja baklava, kitamutamu cha matabaka membamba ya unga chenye njugu na shira, ambacho mji wa Gaziantep unasifika nacho kwa pistachio zake, yaani njugu za kijani, kisha chai isiyo na maziwa au kahawa. Utamaduni wa kahawa ya Kituruki uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013. Sukari yake hutiwa wakati wa kupikwa, kwa hiyo mhudumu atawauliza kiasi mapema: “sade” ni bila sukari, “orta” ni ya wastani. Mkishapokea msikoroge, na machicha yanayotuama chini ya kikombe hayanywewi.